Hesabu Miezi Kwanza: Jinsi ya Kuamua Kama Utachelewesha Chuo kwa Mwaka Mmoja

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya huandika karatasi yake ya mwisho ya KCSE mwezi wa Novemba, hupata matokeo Januari (ya mtihani wa 2023 yalitangazwa tarehe 8 Januari 2024, na ya 2024 yakatangazwa tarehe 9 Januari 2025), kisha hungoja hadi Agosti au Septemba ndipo aripoti chuo kikuu. Hiyo ni miezi tisa au kumi ya kukaa nje ya darasa, na kila mwanafunzi huipata, atake asitake. Kwa hivyo kijana anaponiambia kwamba angependa kupumzika mwaka mmoja tu kabla ya chuo, jambo la kwanza ninalomwomba ni tuhesabu pamoja. Aliyemaliza mtihani Novemba 2025, akiacha kuripoti Septemba 2026 na kuingia Septemba 2027, atakuwa amekaa nje miezi 22. Uamuzi unaofanywa kwa kufikiria miezi 12 hutoka tofauti na ule unaofanywa kwa kufikiria miezi 22, na familia nyingi hazijawahi kuihesabu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Kisumu, na miongoni mwa kazi nilizopewa ni kuwashauri wanafunzi kuhusu vyuo na taaluma. Kila Januari wazazi hunijia wakiandamana na watoto wao, matokeo yakiwa bado kwenye simu, na swali la kungoja mwaka huzuka mara nyingi. Sina pingamizi na mwaka huo. Ninachotaka ni kwamba anayeuchukua aamue mwenyewe, mapema, akiwa na karatasi mkononi, asije akajikuta ameuchukua kwa sababu tu Septemba ilipita.

Miezi tisa iwe ushahidi

Kizazi changu hakikuulizwa. Sisi tuliomaliza mwaka 2004 tuliingia vyuo vikuu vya umma mwaka 2006, kwa sababu kulikuwa na foleni iliyoanzia nyuma sana, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kufungwa kwa muda mrefu kufuatia jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Waliotutangulia, katika miaka ya 1980, walipelekwa kwanza kwenye Huduma ya Vijana kwa Taifa kupata mafunzo kabla ya kuanza masomo. Foleni yenyewe ilikuja kumalizwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, vyuo vilipoharakisha kupokea makundi yaliyokuwa yakingoja. Basi ukiongea na mtu yeyote wa rika langu hapa magharibi mwa Kenya, anajua kungoja ni nini, na anaweza kukueleza alichofanya karibu mwezi kwa mwezi.

Miezi yangu sita ya kwanza sina la kuonyesha. Niliamka nikiwa sina ratiba, na kwa kuwa sikuwa na ratiba, kila mtu alikuwa na ya kunipa. Nilitumwa kusaga mahindi, nilipeleka ng'ombe kwenye josho, na kila msiba uliotokea kijijini ulihitaji kijana wa kusimamisha turubai, kubeba viti na kuteka maji ya wapishi hadi siku ya mazishi. Kazi hizo zote ni za heshima na sijutii kuzifanya. Hata hivyo, Mei ilipofika niliona kwamba nusu mwaka umekwisha na nimesahau hata kanuni za hesabu nilizozijua vizuri Novemba. Ndipo nilipokwenda katika shule ya msingi iliyokuwa ikihitaji mwalimu wa muda, nikapewa hisabati ya darasa la sita. Nilinunua daftari la kurasa 96, nikaligawa kila ukurasa sehemu tatu: nilichofundisha leo, walichokosea watoto, na pesa nilizopata au kutumia. Kufikia Novemba sehemu ile ya katikati ilikuwa imejaa kuliko zote, na nilikuwa nimetambua kwamba kozi niliyoijaza kwenye fomu ya chuo sikuwa naitaka. Nilitaka kufundisha. Niliibadilisha kabla ya kuripoti.

Ninalisimulia hili kwa sababu ndilo linaloongoza ushauri wangu wote. Miezi tisa ambayo tayari unayo ndiyo majaribio ya ule mwaka unaouomba. Ikiwa sasa ni Mei na unafikiria kuahirisha, keti uandike kwa ukweli ulichofanya tangu Novemba: umejifunza nini, umefanya kazi wapi, umeweka akiba ya shilingi ngapi, umepata kitambulisho au bado. Ukiona orodha ina vitu viwili vitatu vya maana, kuna sababu ya kuamini kwamba mwaka mwingine utakufaa. Ukiona ukurasa mtupu, mwaka wa pili hautajijaza wenyewe, na ningekushauri uende chuoni Septemba.

Taja sababu kwa sentensi moja

Andika sentensi moja inayoanza kwa maneno "Ninaahirisha chuo ili", kisha uimalizie. Neno "ili" lina kazi yake hapa: linakulazimisha kutaja unachokiendea, wakati ambapo "kwa sababu" lingekuruhusu kueleza tu unachokikimbia. Aliyechoka na masomo atapata shida kuimaliza sentensi hiyo, na hapo hapo atajua kwamba anachohitaji pengine ni miezi hii tisa aipumzike vizuri.

Sababu ninayoisikia zaidi ni karo, na ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kuliko zote, kwa kuwa mara nyingi familia huamua kungoja kabla ya kuomba msaada ambao mtoto angestahili. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, pamoja na ufadhili wa serikali, huombwa na mwanafunzi aliyekwisha kupata nafasi chuoni. Aliyekaa nyumbani akingoja pesa zipatikane amejiondoa mwenyewe kwenye mlango ambao pesa hizo hupitia. Kwa hivyo, kabla ya kuahirisha kwa ajili ya karo, hakikisha kwamba umetuma ombi la mkopo na ufadhili, umejaza fomu ya basari ya eneobunge na ya kaunti, na umefika katika ofisi ya fedha ya chuo ulichoitwa ukauliza kama karo inaweza kulipwa kwa awamu. Namkumbuka mama mmoja kutoka upande wa Ahero aliyekuwa ameamua mwanawe angoje mavuno mawili ya mpunga. Alikuwa amesoma ile jumla ya mwaka mzima iliyoandikwa chini kabisa ya barua, akadhani yote inadaiwa siku ya kuripoti. Tulipoisoma barua hiyo mstari kwa mstari, kiasi cha kuanzia muhula wa kwanza kilikuwa kidogo sana kuliko alichokihofia, na kijana akaenda.

Sababu ya pili ni kozi. Huduma ya uwekaji wa wanafunzi vyuoni, KUCCPS, hutazama alama zako, masomo uliyofanya na ushindani wa mwaka huo, na huenda umeitiwa kozi uliyoiweka mwishoni mwa orodha yako. Hapa usikimbilie kuahirisha. KUCCPS hufungua muda wa kuomba uhamisho baada ya kutangaza nafasi, na hiyo ndiyo njia fupi, jaribu kwanza. Uhamisho ukishindikana, jiulize kama mwaka mmoja utabadilisha chochote, kwa maana alama zako zitabaki zile zile, ilhali alama za chini za kuingilia kozi hupanda na kushuka kila mwaka na hakuna awezaye kukuahidi kwamba mwaka ujao zitakuwa rafiki kwako.

Kurudia mtihani ni jambo jingine kabisa, na mwaka huo si wa mapumziko hata kidogo. Shahada huhitaji angalau C+, stashahada C-, na cheti D. Aliyekosa C+ kwa alama chache na ambaye ana hakika ya kilichomwangusha anaweza kurudia, akijua kwamba usajili wa watahiniwa hufanywa mwanzoni mwa mwaka wa mtihani na kwamba aliyeamua Juni amechelewa. Aliyekosa kwa mbali namwelekeza kwenye stashahada katika taasisi kama Kisumu National Polytechnic au Sigalagala kule Kakamega, ambapo huenda asihitaji kungoja Septemba, kwa kuwa taasisi za kiufundi hupokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Januari, Mei na Septemba. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuendelea hadi shahada, na akifika huko anakuwa tayari ana ufundi mkononi.

Kuna pia wale ambao mwaka huo ni sehemu ya njia yenyewe. Anayetaka kusomea Marekani hukuta kwamba vyuo vingi vyenye ushindani hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari, wakati matokeo ya KCSE ndiyo kwanza yanatoka, kwa hivyo hulazimika kuomba katika msimu unaofuata. Kadhalika, wanaofanya vyema sana huenda wakaingia katika programu ya Equity Leaders, ambayo huwapa kazi ya kulipwa katika matawi ya benki kabla ya chuo. Uzuri wake ni kwamba kazi hiyo imepangwa ndani ya ile miezi ambayo kila mtu anayo.

Kuhusu ugonjwa, au mzazi mgonjwa ambaye hana mwingine wa kumtunza, sina la kuongeza isipokuwa hili: ahirisha bila aibu, upate ripoti ya daktari mapema, na usome kwa makini sehemu inayofuata.

Nafasi ihifadhiwe kwa maandishi

Mwezi wa Mei mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Malia Obama, ambaye babu yake mzaa baba alitoka Kogelo katika Kaunti ya Siaya, angejiunga na Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2017 baada ya kukaa nje mwaka mmoja. Habari hiyo ilifika hapa kwetu haraka, na wanafunzi wangu kadhaa waliitaja kama mfano. Niliwaonyesha jambo moja ambalo walikuwa wamelipita: kabla ya mwaka wake kuanza, chuo kilikuwa tayari kimemkubali, na kinajua kwamba atakuja lini. Alikuwa anangoja akiwa na nafasi.

Hapa Kenya vyuo vikuu vina utaratibu wa kuahirisha, lakini haujiendeshi wenyewe. Lazima uombe, kwa kawaida kwa msajili anayeshughulikia masomo, ukieleza sababu na kuambatisha ushahidi, na ombi hilo hukubaliwa au kukataliwa. Kutoripoti peke yake si kuahirisha. Mwanafunzi wetu mmoja, msichana mwenye bidii sana, alikaa nyumbani mwaka mzima akimuuguza nyanya yake, akiamini kwamba barua yake ya kuitwa ingali na nguvu kwa sababu mtu wa ofisini alimwambia kwa simu "usijali, utakuja mwakani". Alipofika mwaka uliofuata, hakuna aliyekumbuka simu hiyo na jina lake halikuwamo. Ilimchukua muda mrefu kupata njia nyingine, na hakuwa amekosa lolote ila karatasi.

Kwa hiyo uliza maswali haya, kwa barua au kwa baruapepe, ili jibu nalo lije kwa maandishi. Je, chuo kitanihifadhia nafasi katika kozi hii hii, au nitapewa itakayokuwepo? Nitarejea tarehe gani, na nisiporejea siku hiyo itakuwaje? Je, nikiahirisha, ufadhili na mkopo niliokwisha kupangiwa utaningoja, au nitaomba upya? Swali hili la mwisho lipeleke pia kwa HELB wenyewe, na kwa KUCCPS uulize kama mtu aliyekwisha kupewa nafasi anaweza kuomba tena mwakani akiiacha hii. Sera za ufadhili zimebadilika tangu mpango mpya ulipoanzishwa mwaka 2023, na zimefikishwa hadi mahakamani. Jibu ambalo kaka yako alipata miaka mitatu iliyopita lisikutosheleze.

Kuna kundi moja ambalo nalihofia zaidi, nalo ni la mwaka 2027. Hao ndio watakaoandika KCSE ya mwisho chini ya mfumo wa 8-4-4, kwa kuwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika mfumo huo, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mmoja wao akiahirisha mwaka, atajikuta akiingia chuoni mwaka 2029 pamoja na kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi (CBC), ambalo linatarajiwa kumaliza sekondari pevu mwishoni mwa 2028, wakati vyuo vyenyewe vikiwa katika kurekebisha kozi ili ziwafae wageni hao. Kwa wanafunzi wa mwaka huo, sababu ya kuahirisha ingepaswa kuwa nzito sana.

Pesa na siku

Wengi husema watafanya kazi wajiwekee akiba. Fanya hesabu hiyo kwa ukali. Chukua mfano wa kijana anayelipwa shilingi 12,000 kwa mwezi katika duka la mjini Kisumu, akifanya kazi siku 24. Nauli ya shilingi 100 kwa siku ni 2,400, chakula cha mchana cha shilingi 80 ni 1,920, na nyumbani anatarajiwa kutoa 4,000, maana kijana mwenye mshahara hawezi kukaa mezani kana kwamba hana. Zimebaki 3,680. Kwa miezi kumi ni shilingi 36,800, ikiwa hakuugua, hakununua simu, na hakuchangia harambee yoyote. Weka kiasi hicho kando ya ile barua ya chuo, uone kinalipia nini hasa. Huenda kikatosha vitabu, kodi ya chumba na godoro, na hilo ni jambo zuri. Ila aliyedhani angelipia shahada nzima kwa mwaka mmoja wa kibarua ni afadhali ajue sasa.

Hesabu ya siku ni ngumu kuliko ya pesa. Binamu yangu alingoja mwaka mmoja na akautumia sokoni Kibuye pamoja na shangazi yetu anayeuza omena. Kilichomfaa ni kwamba shangazi alimpa meza yake mwenyewe. Kila asubuhi alipokea omena za kiasi kinachojulikana, akauza kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na jioni akatoa hesabu: gorogoro ngapi zimeuzwa, ngapi zimebaki, ngapi zimepunguzwa bei kwa mteja wa kila siku, na faida ni ipi. Alikosea mara nyingi katika wiki za mwanzo, na kila kosa lilionekana jioni ile ile kwa shilingi. Alipoingia kusomea biashara alikuwa tayari anajua mtaji unavyoliwa. Dada yake, ambaye pia alingoja, alibaki nyumbani, na kwa kuwa alikuwa nyumbani alipewa watoto wa kila mtu na jiko la kila mtu, na mwisho wa mwaka hakuna aliyeweza kutaja alichofanya ijapokuwa ndiye aliyechoka kuliko wote.

Naliandika hili kwa ajili ya wazazi wa wasichana hasa. Mkikubali binti yenu angoje, ketini naye na mwandike saa ambazo ni zake: kwa mfano, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana yuko kazini, au kwenye mafunzo ya kompyuta, au darasa la ushonaji, na katika saa hizo hatumwi. Shangazi na wajomba waambiwe pia, kwa kuwa wao ndio huja kuomba. Familia isiyoweza kuzilinda saa hizo ni heri imwachie binti aende chuoni, ambako ratiba ina mwenyewe.

Ukishapima haya yote, jiwekee tarehe ya kuamua, angalau mwezi mmoja kabla ya siku ya kuripoti, ili ombi likikataliwa ubaki na muda wa kutafuta karo na kufunga sanduku. Ukiamua kuahirisha, andika barua nakala mbili, ambatisha nakala ya barua ya kuitwa, ya kitambulisho na ya ushahidi wa sababu yako, kisha uipeleke mwenyewe ikiwa chuo kiko karibu, iwe ni Maseno, Bondo, Kakamega au Njoro. Omba nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Jibu likija, lisome uone kama limetaja kozi yako na tarehe ya kurejea. Likikosa kimoja, rudi ofisini wiki hiyo hiyo uombe lirekebishwe. Piga picha za karatasi zote, ujitumie kwa baruapepe, na zile halisi mpe mtu wa nyumbani asiyepoteza vitu azihifadhi hadi siku utakayoripoti.